Mzazi Mmoja, Chuo cha Jamii na Bei ya Saa

Katika kila akina mama 100 wanaolea watoto peke yao na kuanza masomo ya chuo nchini Marekani, ni 28 tu ambao miaka sita baadaye wanakuwa na cheti au shahada mkononi. Hamsini na watano wanakuwa wameshaacha bila chochote. Ukiweka kando vyeti vifupi, ukahesabu shahada peke yake, ya miaka miwili au ya minne, wanaofika ni 8. Kwa wanafunzi wa kike wasio na watoto, wanaofika ni karibu nusu. Takwimu hizi zilitolewa na Taasisi ya Utafiti wa Sera za Wanawake ya mjini Washington.

Anayezisoma kwa haraka hukimbilia kumlaumu mama mwenyewe: alijitwisha mzigo usiomfaa, hakuwa na nidhamu, shule aliiacha zamani mno. Alama zinakanusha. Taasisi hiyohiyo ilipolinganisha matokeo ya darasani, wanafunzi wenye watoto walikuwa mbele ya vijana wanaotegemea wazazi wao. Theluthi ya wazazi walikuwa na wastani wa 3.5 kwenda juu katika kipimo kinachoishia 4.0, kwa vijana ilikuwa kama robo. Mtu anayepata A na B kisha akaacha chuo katikati hakushindwa na masomo. Kuna kitu kingine kilichomtoa, na mimi nasema kitu hicho ni saa. Mzazi huyu huishiwa saa kabla hajaishiwa akili wala nia, na mara nyingi hata kabla hajaishiwa fedha.

Kwanza tukiangalie chuo chenyewe. Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili na vyeti vya ufundi, na mwanafunzi akitaka anahamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Kikongwe kuliko vyote miongoni mwa vya umma kiko Joliet, jimbo la Illinois, tangu 1901. Tume ya Rais Truman ilipopendekeza mwaka 1947 kwamba vyuo vya aina hii vienezwe karibu na makazi ya watu, vilizidi kuongezeka, na leo ni karibu elfu moja. Havichagui wanafunzi. Ada yake kwa wastani ni kama dola 4,000 kwa mwaka, na katika majimbo kadhaa imefutwa. Tennessee ilianza na vijana waliomaliza sekondari 2015, na mwaka 2018 ikawafungulia watu wazima. Si ajabu basi kwamba kati ya wanafunzi zaidi ya milioni 3 wenye watoto, karibu wanne katika kila kumi wako kwenye vyuo hivi.

Sasa tupige hesabu ya wiki moja. Mwanafunzi wa muda kamili huchukua kozi za krediti 12, yaani takriban saa 12 darasani. Walimu humwambia kwamba kila saa ya darasa inadai saa mbili za kujisomea, kwa hiyo hapo ni 36. Ongeza kazi ya saa 30, maana kodi ya nyumba haisubiri, unafika 66. Mtu anayelala saa nane ana saa 112 za kuwa macho kwa wiki. Zinazobaki ni 46, kama sita na nusu kwa siku, na ndani yake kuna kupika, kuogesha, kufua, kusubiri basi, kumpeleka mtoto kliniki, kuhudhuria kikao cha mwalimu wake na kumsaidia kazi ya nyumbani. Penye wazazi wawili, mmoja anaweza kukaa na mtoto mwenye homa huku mwenzake akiwa kwenye mtihani. Anayelea peke yake, homa ya mtoto na mtihani vikigongana, lazima kimoja kiachwe, na kila mzazi anajua kitakachoachwa.

Claire Wladis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Waligundua kwamba wazazi wa watoto wadogo hawana upungufu wa saa tu. Hata zile walizonazo ni hafifu, kwa kuwa mama anasoma sura ya biolojia huku mtoto akimvuta nguo. Na bado, wazazi hao walikuwa wakitumia sehemu kubwa zaidi ya muda wao mdogo kwa masomo kuliko wenzao, wakiukata kwenye usingizi na mapumziko. Mtu aliyekwisha kufika hapo ukimpa semina ya kupanga ratiba hujamsaidia. Hana saa anayoipoteza ambayo utamfundisha kuiokoa. Anahitaji mtu wa kumshikia mtoto.

Ndiyo maana sehemu ya kulelea watoto chuoni ndiyo jambo la kwanza ninalolipima. Ushahidi ulio wazi unatoka Monroe Community College, mjini Rochester, New York. Huko ilionekana kwamba wanafunzi wenye watoto wadogo waliotumia kituo cha malezi cha chuo walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuhitimu au kuhamia chuo kikuu ndani ya miaka mitatu, wakilinganishwa na wazazi wenzao wasiokitumia. Ni vigumu kupata huduma nyingine moja chuoni yenye matokeo makubwa kama hayo. Hata hivyo vyuo vimekuwa vikienda kinyume. Mwaka 2004 vyuo vya jamii vyenye kituo cha malezi vilikuwa asilimia 53. Kufikia 2015 vilishuka hadi 44. Sababu inayotajwa kila mara ni gharama. Serikali ya shirikisho ina mfuko wa kusaidia malezi ya watoto wa wanafunzi maskini, ulioanzishwa na sheria ya 1998 na kufahamika kama CCAMPIS. Bajeti yake ilipanda hadi dola milioni 75 mwaka 2023, lakini ukiigawa kwa mahitaji ya nchi nzima ni kiasi kidogo sana. Nje ya chuo hali ni nzito zaidi: katika majimbo mengi, kumweka mtoto mchanga kwenye kituo cha malezi kwa mwaka kunagharimu zaidi ya ada ya mwaka ya chuo kikuu cha umma.

Hata penye kituo kuna swali la saa za kufungua. Kituo kinachofunga saa 11 jioni hakimfai mama mwenye maabara ya saa 12. Masomo ya mtandaoni yalitazamiwa kuwa suluhu, nami sikubaliani na wanaoyasifu bila kupima. Yanaokoa nauli na muda wa njiani, hilo ni kweli, lakini hayamlei mtoto. Yanahamisha darasa hadi saa nne ya usiku, wakati mwili umeshakataa. Kwa kozi moja au mbili yanasaidia. Ukiyafanya kuwa ndiyo shule nzima, mama huyu anabaki peke yake kabisa, bila mwenzake wa kumwazima daftari na bila mwalimu anayeuona uso wake umechoka.

Kuna hatua ndogo isiyogharimu karibu chochote, nayo inapuuzwa sana. Ni kumruhusu mzazi ajiandikishe mapema, kabla madarasa ya asubuhi hayajajaa, ili masomo yake yaendane na saa za shule ya mtoto. California iliifanya kuwa sheria mwaka 2022, na Texas ikafuata 2023. Kwa mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza, darasa la saa tatu asubuhi na lile la saa moja usiku ni njia mbili tofauti za maisha.

Upande wa fedha nitazungumza na msomaji moja kwa moja, kwa sababu hapa kanuni nyingi ziko upande wa mzazi na wengi hawazijui. Ukijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, ukiwa na mtoto unayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, unahesabiwa kuwa unajitegemea hata kama una miaka 19, na kipato cha wazazi wako hakiulizwi. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25, mzazi mmoja ambaye kipato chake hakizidi asilimia 225 ya kiwango rasmi cha umaskini anapata ruzuku kamili ya Pell, ambayo imekuwa dola 7,395 kwa mwaka. Ruzuku hii hairudishwi. Penye ada ya dola 4,000, inabaki ya vitabu na nauli. Zaidi ya hapo, ofisi ya misaada ya fedha inaweza kuingiza gharama za malezi ya mtoto katika bajeti yako ya masomo, na hivyo kupanua kiasi unachoruhusiwa kupewa. Kwa kawaida hawafanyi hivyo mpaka uombe. Omba kwa maandishi, ukiambatisha risiti za kituo.

Chakula nacho kina kanuni yake. Mwanafunzi wa chuo kwa kawaida hapewi SNAP, msaada wa chakula wa serikali, lakini mzazi mwenye mtoto chini ya miaka 6 anaruhusiwa, na mzazi mmoja anayesoma muda kamili anaruhusiwa hadi mtoto wake atimize 12. Wakimbizi wawe waangalifu zaidi, maana sheria ya mwaka 2025 imewaondoa wale ambao hawajapata ukaazi wa kudumu.

Msaada wa fedha taslimu kwa familia maskini, TANF, ndio uliojengwa vibaya kuliko yote. Sheria ya 1996 ilimtaka mama afanye kazi ndipo alipwe, na masomo ya ufundi yanahesabiwa kuwa kazi kwa miezi 12 tu katika maisha yake yote. Shahada ya uuguzi haimalizwi kwa miezi 12. Matokeo yake mama anasukumwa kwenye kazi yoyote iliyo karibu, na baada ya miaka mitano yuko palepale. Jimbo la Maine liliona kasoro hiyo mapema. Mwaka 1997 likaanzisha mpango wake kwa fedha za jimbo ili wazazi maskini wasome chuo huku wakiendelea kupata msaada. Nauona kuwa mfano bora, na ni aibu kwamba majimbo mengi hayakuuiga.

Halafu kuna mtego unaowanasa hasa wenye watoto. Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada uliopewa inadaiwa irudishwe, na deni linaweza kubaki kwenye jina lako chuoni mpaka ulipe. Aidha, kwa kawaida mwanafunzi anatakiwa afaulu angalau asilimia 67 ya krediti anazojiandikisha na awe na wastani wa C. Akishuka, msaada unasitishwa. Fikiria mama ambaye mtoto wake amelazwa wiki ya sita. Anaacha kwenda darasani bila kumwambia mtu, kwa haya au kwa uchovu. Kozi nne zinageuka F, ruzuku inasitishwa, deni linakuja kwa barua. Angekwenda ofisini siku ileile, angeweza kuacha kozi mbili na kubakiza mbili, au kupewa nyongeza ya muda ya kumalizia kazi. Na hata msaada ukishasitishwa, kuna rufaa, na ugonjwa wa mtoto ni miongoni mwa sababu zinazokubalika. Kanuni za Title IX, sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zinamlinda mwanafunzi mjamzito na aliyejifungua: kutokuwepo kwake kwa sababu za kiafya lazima kusamehewe. Kwa mtoto anayeugua baadaye, mama anategemea huruma ya mwalimu. Hapo sheria ina pengo, na vyuo vingeweza kuliziba kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Swali linalobishaniwa zaidi ni mwendo. Je, mzazi asome polepole, kozi moja moja, au akazane amalize? Washauri wengi, kwa nia njema, humwambia aende taratibu. Mimi nina mashaka na ushauri huo. Krediti 60 za shahada ya miaka miwili, ukichukua kozi mbili kwa muhula, zinakula miaka mitano. Ndani ya miaka mitano gari litaharibika, zamu za kazini zitabadilishwa, mwenye nyumba atapandisha kodi, na kila tukio kama hilo ni nafasi nyingine ya kuacha. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP, unaowataka wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii wasome muda kamili, na kwa upande wake chuo kinalipia pengo la ada, vitabu na kadi ya usafiri, na kumpa kila mmoja mshauri anayemwona mara kwa mara. Shirika la utafiti la MDRC liliupima kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya Ohio vilipoujaribu, navyo vikapata ongezeko la aina hiyohiyo.

Kwa hiyo kasi inasaidia, lakini kwa sharti kwamba chuo kimebeba sehemu ya mzigo. Kumwambia mama asome muda kamili bila malezi wala nauli ni kumwangusha mapema zaidi. Amarillo College huko Texas ilipata njia ya kati inayonivutia. Iligawa mihula yake kuwa vipindi vya wiki nane, ili mwanafunzi ashughulike na kozi mbili kwa wakati mmoja na bado akamilishe nne kwa muhula. Mtoto akiugua vibaya, kinachopotea ni wiki nane badala ya 16. Chuo hicho pia kiliweka maofisa wa ustawi wa jamii, ghala la chakula na fedha za dharura mahali pamoja, kwa kutambua kwamba kinachomtoa mwanafunzi wa huko ni tairi lililopasuka au bili ya umeme. Kiwango cha kuhitimu kilipanda sana.

Kuchagua kozi nako kunaamua mengi, na hapa nawafikiria Waswahili wenzetu. Kwa zaidi ya miaka kumi hadi 2024, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Wengi wametoka Kivu kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na kaya nyingi zinaongozwa na mama. Katika shule za Lexington, Kentucky, Kiswahili ni lugha inayosikika sana baada ya Kiingereza na Kihispania. Mama akifika, anapelekwa haraka kwenye kazi za kubeba maboksi au kiwanda cha nyama, au anasoma wiki chache awe msaidizi wa muuguzi na kuhudumia wazee. Cheti hicho kinampa kazi ndani ya miezi miwili, lakini mshahara wake ni mdogo na zamu zake zinaua usingizi. Ni ngazi ya kwanza nzuri, ikiwa ya pili inaonekana. Muuguzi aliyesajiliwa kwa shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne. Mafundi wa eksirei na wasafishaji wa meno nao hutoka vyuo hivihivi. Kabla ya kulipa hata senti, mama aulize: cheti hiki kinahesabiwa krediti ngapi kwenye shahada inayofuata? Wakijibu hakuna, atafute chuo kingine. Nalisisitiza hili zaidi sasa, kwa kuwa sheria ya 2025 imeruhusu Pell kwa kozi za wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 2026, na matangazo ya kozi fupi yataongezeka.

Mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi wanastahili Pell; anayesubiri uamuzi wa hifadhi bado hastahili. Kikwazo kingine ni Kiingereza. Kozi za lugha zisizo na krediti hazilipiwi na Pell, na zile za maandalizi zenye ngazi tatu au nne huongeza muhula juu ya muhula kabla mtu hajagusa somo alilolijia. California, kwa sheria ya 2017, ilivitaka vyuo vyake viache kuwarundika watu kwenye madarasa ya maandalizi na kuwaingiza moja kwa moja kwenye kozi halisi, wakipewa msaada wa ziada. Kwa mzazi, hilo ni zawadi ya mwaka mzima.

Nimetaja akina mama kwa sababu ndio wengi. Akina baba wanaolea peke yao wapo, na kanuni za fedha nilizozieleza ni zao pia.

Nyumbani Afrika Mashariki somo hili la malezi chuoni halijapuuzwa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, vilivyoanzishwa 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, vimekuwa vikipokea mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, na sehemu za kulelea watoto zimewekwa ndani ya vyuo. Mama anasoma ushonaji au masomo ya sekondari, mwanawe yuko hatua chache kutoka darasani. Nchi isiyo na fedha za Marekani imeanza na jambo ambalo zaidi ya nusu ya vyuo vya jamii vya Marekani vilikuwa havinalo mwaka 2015.

Mama Mswahili aliyeko Dallas, Boise au Portland amekosa kitu ambacho hata ruzuku haikinunui: bibi wa mtoto, shangazi, jirani wa mlango wa pili. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo kwetu haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Jumuiya zetu huko ughaibuni zina nguvu, na kila mtu ameziona zikifanya kazi wakati wa msiba. Mtu akifariki, ndani ya siku chache michango imetimia ya kusafirisha mwili hadi Bukavu, Dodoma au Mombasa. Orodha ya simu ipo, kundi la WhatsApp lipo, mweka hazina yupo. Naziomba jumuiya hizo zitumie utaratibu huohuo kuchangia saa: familia nne zikubaliane kukaa na watoto Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kwa wiki 16 za muhula, zikipokezana. Kama kuna mama katika jumuiya yenu aliyejiandikisha chuo, mwombeni ratiba yake ya madarasa kabla muhula haujaanza.